Somoe, kuhusu vidonge vyako vya usiku

Lindi, Novemba

Mwanangu Somoe,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza amitriptilini utaimeza mpaka lini, maana sasa ni mwezi wa 4, unalala, unakula, na kazini unacheka na wenzako. Mimi naanza na namna ya kuiacha, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, haiachwi kwa kuruka, inashukwa kwa ngazi.

Mama yako mdogo Mwanahawa, unaukumbuka ule msimu wa korosho. Alipojiona anaamka alfajiri kuokota korosho huku anaimba, kikopo cha dawa akakitupa shambani. Siku ya tatu kichefuchefu, jasho, usingizi ukakata, ndoto za kutisha. Nyumba nzima ikasema mashetani, akazungushwa kwa waganga wiki mbili. Hayakuwa mashetani, wala hakuwa teja wa vidonge kama shangazi zako walivyonong'ona. Mwili uliokuwa ukipata dawa kila usiku ulinyimwa ghafla, basi. Dalili hizo huja ndani ya siku chache, na dawa ikirudishwa hutulia. Inaniuma mpaka leo, maana dawa yenyewe ilikuwa imelala chini ya mkorosho, hatua chache kutoka mlangoni.

Wewe unameza vidonge 3 vya miligramu 25, jumla 75, kwa mara moja kabla ya kulala. Wakati ukifika, daktari anaweza kukushusha mpaka 50, ukakaa hapo, kisha 25, kisha basi. Safari yote isipungue wiki 4. Ukiyumba njiani, unapanda ngazi moja na kutulia kwanza. Na huo wakati hauhesabiwi tangu kidonge cha kwanza. Unahesabiwa tangu dalili zilipokwisha, miezi 9 hadi 12.

Kinywa kikavu unachokilalamikia kinatoka kwenye dawa. Nywa maji kidogo kidogo, piga mswaki vizuri, maana mate yakipungua meno huoza upesi. Choo kigumu, kula mapapai na mboga za majani. Inuka kitandani taratibu, kaa kwanza ukingoni, kwa kuwa presha hushuka ukisimama ghafla. Jua la mchana lisikukute shambani muda mrefu. Dawa hii hupunguza jasho na mwili hushindwa kujipoza. Nilitaka kuandika uvumilie tu, lakini sivyo, si yote ya kuvumiliwa. Mkojo ukigoma, jicho likiuma na kuona ukungu, moyo ukienda mbio au ukazimia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa hujatimiza 25, kila dozi inapopandishwa au kushushwa, wazo la kujidhuru likija, hata kwa mbali, usilale nalo. Mwambie uliye naye, nenda hospitali, nami nipigie hata saa nane usiku.

Ukisahau kidonge ukakumbuka asubuhi, acha, subiri usiku. Usimeze mara mbili. Gongo la mabibo na bia weka kando, hata kwenye harusi ya binamu yako. Tramado, ile ya maumivu, usinunue, ikichanganyika na hii inaweza kuleta degedege. Piriton, ile ya mafua na mzio, huongeza usingizi na ukavu. Homa ikija na kipimo kikasema malaria, taja amitriptilini kabla hujapewa mseto, kwa sababu zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Sisemi uikatae dawa ya malaria. Sema tu, mhudumu apime.

Vifungie kabatini. Vichache tu vinaweza kuua mtoto, na mwanao sasa anafungua kila kitu.

Nimejizuia mistari yote hii. Ningekuwa mimi ndiye daktari wako, ningekwambia usiguse ngazi mpaka msimu ujao wa korosho. Lakini yeye ndiye anayekuona, anayekupima presha, anayejua ulivyokuwa Januari. Mimi nimekuona kwenye simu tu, na sauti ya mtu kwenye simu inaficha. Basi nasema muulize yeye, na haishukwi kwa kuruka.

Ukija mwisho wa mwezi, njoo na pakiti zote, hata zilizoisha, nizihesabu.

Mama yako