"Get" na ule mlango: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na uniwie radhi, nilicheka kwanza. Unasema bosi wako alikuwa anaongea na simu, mtu akabisha hodi, naye akakunong'oneza "get the door". Ukabaki umesimama katikati ya chumba ukijiuliza mlango uutoe wapi na umpelekee nani. Sasa wauliza: Mama, hili neno lina maana ngapi, na ya kweli ni ipi?

Ngapi, wala usihesabu; utachoka bure. Hiyo ya kweli, ikiwa unataka ya kale, ni kupata. Waingereza walilichukua kwa Waskandinavia waliokwenda kuvamia kwao kisha wakalowea huko, na katika maandishi ya Kiingereza linaonekana tangu miaka ya 1200 hivi. Ndugu yake walikuwa naye tayari, amejificha ndani ya "forget": kusahau ni kuponyokwa na kitu ulichokuwa umekishika. Mimi hilo hulipenda sana, ingawa halikusaidii kazini.

Kwa hiyo anza na kupata, maana hawa wawili wanaongozana mwendo mrefu kuliko watu wanavyodhani. Tunapata barua, tunapata kazi, tunapata homa, na Mwingereza vivyo hivyo. Mtu akikueleza jambo ukalielewa, unamwambia "nimekupata"; yeye husema "I get you". Tunasema "nilipata kumwona", yaani nafasi ilitokea, nao wana "I got to see him" yenye ladha ileile.

Wanaachana kwenye hali. Kulowa, kuchoka, kulewa, kunenepa, kuzeeka, kukasirika: sisi kila hali ina kitenzi chake. Mwingereza hachoki wala halowi kwa neno moja; huchukua "get" akabandika sifa mbele yake. Hapo kupata kuweke kando kabisa. Ukiniandikia kwamba fulani "amepata uzee" nitajua umetoka kutafsiri. Na ukiona "getting", jua jambo bado liko njiani: "I'm tired" ni nimechoka, ila "I'm getting tired" ni naanza kuchoka.

Sasa nikuambie aibu yangu, kwa kuwa nawe umeniambia yako. Nilipokuwa mpya katika kazi ya kutafsiri, nililetewa maelezo ya bwana mmoja yenye maneno "he got his car stolen". Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejifunza kwamba "he got his car washed" maana yake aliagiza gari lake lioshwe. Nikaona umbo ni lilelile, nikaandika kwa kujiamini kwamba bwana yule alifanya mpango gari lake liibwe. Mwathirika nikamgeuza mshukiwa! Mzee aliyekuwa akinisahihisha hakunigombeza. Alikata mstari wangu, akaandika juu yake: "aliibiwa gari". Kisha chini, kwa penseli: "alioshewa gari". Nikatazama zile -iwa na -ewa mpaka nikaelewa. Hata sisi tuna umbo moja kwa aliyeagiza na kwa aliyefikwa. Anayeoshewa gari kwa kawaida ametaka, anayeibiwa hakutaka, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa, kwa sababu kuosha na kuiba vinajieleza vyenyewe. Tangu siku hiyo nikikutana na "get" silitazami lenyewe kwanza. Natazama kilichofuata.

Turudi mlangoni: bosi wako alitaka ukaufungue tu. Simu ikilia mtu akasema "get the phone", anataka uipokee. Mezani, bili ikija, "I'll get this" ni nalipa mimi (hapo usibishane naye). Kitu kinadai mtu wa kukishughulikia, na "get" inasema tu mtu huyo awe nani. Tendo lenyewe unalijua kwa kukitazama kitu. Kama unaona ni uzembe wa lugha, kumbuka piga yetu. Piga pasi, piga kura, piga simu, piga magoti: nani kaumizwa hapo? Mgeni akikuuliza piga ni nini, utamjibu kwa swali: piga nini?

Zile zenye vijineno nyuma, "get up", "get over", "get by", zishike nzimanzima kama ulivyoshika majina ya watu. Kuzichambua hakulipi. Na Wamarekani wakikuambia "I've gotten a car", wamelipata gari. Wakisema "I've got a car", wanalo. Waingereza wengi waliiacha "gotten" zamani, basi usishangae usipoisikia kwao.

Limebaki lile la mwisho. Unasema bosi huyohuyo alirudisha ripoti yako na maneno matatu pembeni, "You'll get there", nawe umeuliza huko ni wapi. Si mahali, mwanangu. "Get" na mahali ni kufika, na hapa mahali penyewe ni ripoti iliyokamilika. Anasema mwendo wako ni mzuri na kwamba hujafika. Ukiirekebisha, anza na ule ukurasa alioandika hayo.

Mama yako

Umeniuliza pia "get lost", yaani potelea mbali. Aliyekuambia hivyo ni nani?