Hilo jina ni la nani, mwanangu?

Moshi, Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila baridi. Leo siku ya nne mlima umejifunika, na wenye kahawa huko juu wanalalamika kwamba haikauki. Mdogo wako ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie. Mimi kuandika kwa kidole juu ya kioo sijazoea, na kwa umri huu sina haja ya kuzoea.

Jumapili uliniuliza swali nikakwambia ngoja kwanza, ukacheka ukadhani nakwepa. Nilikuwa na mteja. Ulisema X, ile iliyokuwa ikiitwa Twitter, imefungwa hapa nchini tangu Mei, wafuasi wako elfu sita umewaacha humo, wenzako wengine wamehamia mitandao mingine, hawa Threads, wale Bluesky. Ukauliza: uanze upya huko, au ukubali tu kwamba miaka yote ile ya kuandika vijineno mtandaoni ulikuwa unapoteza muda?

Baba, wewe umezaliwa umenikuta nauza kanga. Hiyo habari ya maneno mafupi mnayoiona ya vijana na simu zenu, kwangu ni biashara. Nakumbuka ukinieleza kwa mshangao kwamba Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilitoa herufi 140 tu, kwa kuwa meseji ya simu ilikuwa na nafasi 160 na wakaacha ishirini za jina la mwandishi. Kisha mwaka 2017 wakaongeza zikawa 280. Nikavuta kanga moja kutoka kwenye rafu tukahesabu pamoja: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ishirini na nne, pamoja na nafasi zake. Na mtu anajifunga hiyo miaka kumi, mpaka inageuka ya kupigia deki. Duka la Kaderdina Hajee Essak kule Mombasa, wale wa chapa ya Mali ya Abdulla, linahesabu umri wake tangu mwaka 1887. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hakuna mwanamke aliyelalamika kwamba nafasi haitoshi.

Kwa hiyo anayekwambia ni upuuzi kwa sababu ni mafupi, mwache. Wengi wa hao ndio wanaoshika kipaza sauti msibani na kukirudisha jua likizama.

Mimi nina swali moja ninalomuuliza kila mteja kabla sijashusha kanga: ni ya nani? Akisema ya mama mkwe, namshushia za heshima. Akisema ya shoga yake anayeolewa, najua pa kushika. Akisema "mwenyewe nataka tu," hapo namwangalia usoni, maana mara nyingi kuna mtu wa tatu mtaani ambaye ndiye atakayeisoma. Anayekuja bila mtu kichwani hugeuza kanga hamsini, anafurahia rangi, anaondoka bila kununua. Mimi nabaki kukunja.

Sasa nikusimulie kitu ambacho sikukusimulia ukiwa mdogo. Walikuwepo majirani wawili Majengo waliokosana, sababu siijui mpaka leo. Mmoja akaja akachukua kanga yenye kijembe, akaivaa akapita nayo mlangoni kwa mwenzake kama anayekwenda dukani. Hazijapita siku tatu, yule mwingine huyu hapa kwangu, anataka ya kumjibu. Nikamtafutia, na nilitafuta kwa bidii. Wa kwanza akarudi. Wa pili naye. Nilijua ninachofanya, mwanangu. Nilikuwa nauza ugomvi kwa doti, na mwezi ule nililipa ada yako kwa wakati.

Unajua uliishaje? Fedha ziliwaishia. Kila neno walilonunua liliwatoa hela mfukoni, wakalibeba mwilini mwao, kwenye mtaa wanaojulikana, watoto wao wakiwaona. Walipofika la tatu kila mmoja wakachoka, na Krismasi wakapelekeana chakula.

Huko kwenu bando la shilingi elfu moja linatosha kugombana mpaka alfajiri na watu mia msiofahamiana. Na mwenye duka ndiye anayepata, kama nilivyopata mimi. Tena wewe mwenyewe uliniambia kwamba mwaka 2023 X ilianza kuwagawia wenye akaunti za kulipia sehemu ya fedha za matangazo. Basi mchokozi naye ana fungu lake sasa! Mimi angalau wale wa Majengo sikuwalipa ili wagombane.

Machi mwaka huu ulipokuja likizo nilikuona. Mechi ya Simba na Yanga iliahirishwa, na wewe ukakesha sebuleni unabishana. Niliamka saa tisa usiku kwenda chooni, taa ya simu inakumulika usoni kama mgonjwa. Asubuhi nikakuuliza nani kashinda, ukasema mama, mechi haikuchezwa. Daktari mzima wa mifugo, umekesha ukigombania mechi ambayo haikuchezwa. Usiku ule ndio muda uliopotea, na hautarudi. Sina la kuongeza hapo.

Nisikuonee lakini. Mimi mwenyewe mdogo wako aliniwekea TikTok, na mwezi uliopita mteja alisimama dukani akaniita mara mbili, akaondoka. Nilikuwa naangalia mwanamke anapika ndizi, kana kwamba mimi ndizi sijawahi kuziona. Mdogo wako akanisomea kwamba kule kuteremka kwa kidole bila kufika mwisho kulibuniwa na mtu, Aza Raskin, mwaka 2006, na kwamba baadaye alijutia. Nilimwelewa haraka. Gazeti lina ukurasa wa nyuma, taarifa ya habari ya saa mbili ina "na huo ndio mwisho". Doti ya kanga ni vipande viwili, ukishashona pindo umemaliza.

Tena usisahau kwamba hicho kidude kimewahi kutufaa. Oktoba 2020, ule moto wa mlimani, ulinipigia kutoka Morogoro: mama, mlima unawaka. Nikatoka nje na khanga ya kulalia, nikaona mstari mwekundu juu gizani. Wewe uko chuoni mkoa mwingine umejua, mimi niliye chini yake sijui. Ila pia ulinirushia picha moja ya msitu wa misonobari mirefu unaoteketea, nikakwambia huo si mlima wetu, kule moto uliko ni vichaka na nyasi. Ukanyamaza kidogo, ukasema umeshaisambaza.

Sasa sababu ya kukwambia ungoje. Yule mteja wa Jumapili ni mama mmoja wa Kiboriloni anayeuza mayai na kuku wa kienyeji. Alikuja kuchukua kanga za arusi, tukaingia kwenye mazungumzo, nikamuuliza kuku. Akasema miaka miwili mfululizo, ikifika Septemba, banda lote linafagiwa na kideri, anabaki na jogoo mmoja anayetembea kama mlevi. Mwaka jana mwanawe akamsomea kwenye simu maneno ya daktari mmoja wa kuku: kideri hakina dawa, kina chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, chanja kabla hawajaugua, siyo baada. Yule mama ameyashika kwa kichwa. Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wake, akachanga hela na majirani watatu, wakachanja wote siku moja. Septemba ikapita.

Nilikuwa na kanga mkononi, sikumwambia kitu. Maneno yale nayajua. Ulinisomea kwenye simu siku unayaandika, ukaniuliza kama mtu asiyesoma sana atayaelewa, nikakwambia ondoa neno "virusi" na anza na kideri. Umesahau. Uliniambia baadaye kwamba hayo yalipendwa na watu kumi na wanne tu, ukasononeka, ukasema ya mpira yanapata mia nane.

Baba, hao kumi na wanne mimi nimemwona mmoja wao. Sijui hata kama alibonyeza hicho kimoyo.

Kwa hiyo jibu langu ni uanze upya, lakini usiende kuwatafuta wale elfu sita. Wengi ulikutana nao kwenye ugomvi, na ugomvi mwingine wameshaupata. Nenda popote penye wafugaji. Kama ni Threads, kama ni kundi la WhatsApp la wenye kuku hapo Singida, mimi sioni tofauti. Kabla hujaandika, jiulize lile swali langu la dukani. Ukiona huna mtu wa kumtaja, hata mmoja, lala.

Na lingine: andika kwanza kwenye daftari. Umepanga chumba kwenye nyumba ya mtu. Elon Musk aliinunua hiyo Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, Julai 2023 akabadilisha jina, na wapangaji hakuna aliyeulizwa. Sasa Mei mlango umefungwa na vyombo vyako vyote vimo ndani: miaka saba ya maneno, hata yale ya kideri, unaniambia huna nakala. Mimi majina ya kanga nilizouza tangu 1994 ninayo kwenye madaftari manne, chini ya mashine ya kushonea. Ukija Desemba utayaona.

Mkeo msalimie. Mwambie kile kitenge chake nimekipata, rangi ile ile.

Yule mama atarudi Jumamosi kuchukua kanga zake. Alichanja mara ya mwisho mwishoni mwa Aprili, na ana vifaranga wa wiki tatu ambao hajui awachanje na wakubwa au awasubirishe. Nimemwambia namfahamu mtu wa kumuuliza. Niandikie kabla ya Ijumaa, kwa maneno machache, nimsomee.

Mama yako.