CEA ya baba imepanda: je, tuhesabu miezi?

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Baba yangu ana miaka 66, alifanya kazi ya bandarini Kilindini na alivuta sigara kwa miaka mingi. Kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kupimwa) kilichotolewa kwenye pafu lake la kulia kilionyesha saratani ya aina ya adenokasinoma, hatua ya nne. Kabla ya kemo CEA yake (protini ya damu ambayo saratani huweza kuipandisha) ilikuwa 14, na baada ya kemo mbili imefika 41. Kipimo cha pili tulikifanya kwenye maabara nyingine iliyo karibu na nyumbani, wiki ambayo alikuwa na homa na makohozi mazito. Jamaa mmoja anayeuza virutubisho alizisoma karatasi zetu akasema CEA ikipita 40 mgonjwa huwa amebakiwa na miezi mitatu, na kwamba hata vipimo vingine ni vibaya: CRP (protini inayopanda mwili ukipambana na ugonjwa) 64, albumini (protini kuu ya damu) 31, na nyutrofili zimezidi limfosaiti (zote ni chembe nyeupe za damu) mara nane. Kaka zangu wanataka kemo isimamishwe ili mzee asiteseke bure. Baba mwenyewe bado huenda msikitini kwa miguu kila alasiri. Je, damu inaweza kutuambia amebakiwa na muda gani? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Damu haiwezi kuwaambia hivyo, na ningependa kaka zako walisome jibu hili kabla ya tarehe ya kemo inayofuata. Hakuna kipimo cha damu, kiwe cha bei nafuu au cha bei ghali, kinachoweza kumwambia mgonjwa mmoja wa saratani ya mapafu kwamba amebakiwa na miezi mitatu. Hicho kiwango cha 40 mlichotajiwa si kanuni ya tiba. Aliyekitaja amekibuni, au amekiokota kwa aliyekibuni.

Ni kweli kwamba damu ina habari za ubashiri, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu jambo lenye ukweli ndani yake huaminiwa lote. Watafiti huchukua wagonjwa mamia, huwapima damu mwanzoni mwa ugonjwa, huchagua kiwango fulani kiwe mpaka, kisha huwagawa wagonjwa mafungu mawili na kuwafuatilia. Wakiona kwamba nusu ya fungu la juu wamefariki mapema kuliko nusu ya fungu la chini, huandika kwamba kipimo hicho kinabashiri uhai. Matokeo yao ni hayo tu. Ndani ya fungu linaloitwa baya huwamo watu wanaoishi miaka, na ndani ya fungu zuri huwamo wanaofariki baada ya wiki chache, na mafungu yenyewe huingiliana sana. Kusi likivuma kwa nguvu, kila nahodha wa Likoni anajua kwamba bahari imechafuka, lakini hakuna anayeweza kukaa pwani akataja chombo kitakachozama na saa ya kuzama. Isitoshe, mpaka wenyewe hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine: kwa huo uwiano wa nyutrofili na limfosaiti, wako waliotumia 3, wako waliotumia 4, na wako waliotumia 5, na mara nyingi mpaka huchaguliwa baada ya matokeo kujulikana, jambo linalokifanya kipimo kionekane kina nguvu kuliko ilivyo.

Jamaa yenu hakuzitunga CRP na albumini kutoka hewani. Tangu mwaka 2003 iko alama iliyotoka Glasgow, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyoweza kufanyiwa upasuaji: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita mgonjwa hupewa pointi moja, albumini ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita hupewa nyingine, na mwenye pointi mbili huwa katika fungu lenye matazamio mabaya zaidi. Mwaka 2018 ilitolewa nyingine kwa ajili ya wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, inayotumia kimeng'enya cha LDH pamoja na hesabu ya nyutrofili. Hizi ni kazi za kisayansi zenye heshima yake, nami huzitazama ninapopanga tiba. Hata hivyo, kinachopimwa humo kwa sehemu kubwa si saratani yenyewe, bali ni jinsi mwili unavyopambana, na mwili hupambana na mengi. Mtu mwenye kifua kikuu, asiye na saratani hata chembe, aweza kuwa na CRP ya 90, albumini ya 28 na limfosaiti chache, akapata pointi mbili kamili, ilhali ugonjwa wake mara nyingi hupona kwa dawa za miezi 6. Hapa Pwani kuna malaria na kuna selimundu (sickle cell), magonjwa yanayovunja chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu zinapovunjika ndani ya mishipa LDH hupanda bila saratani kuongezeka.

Sasa zitazame karatasi za mzee kwa jicho hilo. Damu ya pili ilitolewa akiwa na homa na makohozi mazito, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba alikuwa na maambukizi ya kifua, na maambukizi peke yake hutosha kuipandisha CRP hadi 64 na kuishusha albumini. Wagonjwa wengi wa kemo pia hupewa deksamethazoni ili wasitapike, na dawa hiyo huongeza nyutrofili katika damu na kupunguza limfosaiti ndani ya saa chache. Ukimpima mtu siku moja baada ya kumeza vidonge hivyo, uwiano wa nane hauna la ajabu. Mwulizeni daktari wake kama alipewa, na kama damu ilitolewa kabla au baada ya dozi.

Kuhusu CEA, protini hii iligunduliwa mwaka 1965 katika uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, na haikuwahi kuwa mali ya saratani ya mapafu peke yake. Huwa juu kidogo kwa wavutaji sigara, na hupanda pia katika magonjwa ya ini, ya kongosho na ya utumbo. Tena ninyi mmelinganisha maabara mbili. Maabara moja hutumia mashine na vitendanishi tofauti na nyingine, na sampuli ileile ikigawanywa kwenye mirija miwili yaweza kutoa namba mbili zisizofanana. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo hiki kifuatiliwe mahali pamoja, kwa mashine moja. Sikatai kwamba kutoka 14 hadi 41 ni mpando mkubwa, wala simwambii mtu yeyote aupuuze, kwa kuwa huenda kweli ugonjwa umesonga mbele. Lakini katika wiki za mwanzo za tiba CEA huweza kupanda kwa muda, kisha ikashuka. Kinachoamua ni skani, ambayo kwa kawaida hurudiwa baada ya kemo mbili au tatu, na mzee amefika hapo. Kabla ya skani hiyo, kusimamisha tiba kwa sababu ya CEA peke yake ni kukata shauri gizani.

Niongeze jambo la maabara, kwa sababu nalikuta mara kwa mara. Kipimo cha NSE, protini nyingine ya damu, ambacho hutumika zaidi katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, huharibika kwa urahisi sana, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zina kiasi kikubwa cha protini hiyohiyo. Sindano ikivutwa kwa nguvu, au mrija ukisafirishwa ovyo kwa pikipiki juani, chembe hupasuka. Ukiutazama mrija baada ya kuzungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu yaliyopaswa kuwa ya rangi ya majani makavu huonekana ya waridi. Sampuli ya namna hiyo haifai kupimwa NSE wala LDH. Mgonjwa haoni mrija huo. Anachoona ni karatasi yenye herufi H (yaani namba iko juu) kando ya namba, naye hukaa macho usiku kucha kwa ajili ya herufi hiyo.

Ukitaka kujua nini kinanisaidia kukisia mwenendo wa mzee wako, basi ni hatua ya ugonjwa, aina yake, kama amepungua uzito, na zaidi ya yote nguvu alizonazo siku hadi siku. Hiyo safari yake ya msikitini uliyoitaja kama jambo dogo inaniambia mengi kuliko CEA, kwa sababu mgonjwa anayetembea na kujihudumia kwa kawaida huistahimili tiba vizuri kuliko anayeshinda kitandani. Ukitaka damu itumike kwa faida, ulizeni kama amepimwa mabadiliko ya EGFR, jeni inayoweza kuchochea saratani kukua, ambayo hutazamwa kwenye kinyama, na ambayo tangu mwaka 2016 kuna kipimo cha damu kilichoidhinishwa Marekani cha kuyatafuta. Kipimo hicho hakisomi siku ya mtu ya kufa. Kinachagua dawa, kwani mwenye mabadiliko hayo aweza kutibiwa kwa vidonge badala ya kemo. Damu isipoyaonyesha, bado kinyama kinapaswa kutazamwa.

Sasa nije kwa muuza virutubisho, kwa maana hayuko peke yake, na subira yangu kwa watu wa aina yake imekwisha. Mtindo wao ni mmoja. Kwanza humtisha mgonjwa kwa namba iliyopanda, kisha humuuzia chupa, kisha humrudisha maabara. Maambukizi ya kifua yakiisha kwa antibiotiki za hospitali CRP hushuka yenyewe, naye huichukua karatasi ile mpya na kuipitisha kwenye makundi ya WhatsApp kama ushahidi kwamba chupa yake imeshinda saratani. Wagonjwa wanaoacha kemo kwa ushahidi wa namna hiyo hurudi kwetu wakiwa na maji yaliyojaa kifuani, wakati ambapo kilichowezekana mwanzoni hakiwezekani tena. Wapo pia wenye mashine ya kushikwa mkononi inayodai kusoma viungo vyote vya mwili kwa dakika moja. Mashine hiyo haichukui damu wala picha, basi hiyo saratani inaiona wapi?

Vivyo hivyo, wenye afya wasinunue vifurushi vya kupima alama zote za saratani. CEA iliyo sawa haimwondolei mvutaji saratani, kwa kuwa wengi wenye uvimbe mdogo wa mapafu huwa na CEA ya kawaida kabisa, na CEA iliyopanda kidogo humpeleka asiye mgonjwa kwenye mlolongo wa skani, gharama na hofu. Kilichothibitishwa kupunguza vifo kwa wavutaji wakubwa ni skani ya CT ya mionzi midogo: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha vifo vya saratani ya mapafu vikipungua kwa asilimia 20 vikilinganishwa na eksirei ya kawaida. Na kwa mvutaji aliyepewa dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, akazimaliza na bado anakohoa na kukonda, asikubali kuanzishiwa dozi ya pili kabla ya kupigwa skani na, ikibidi, kutolewa kinyama.