Barua kwa mwanangu: kuhusu ule mkopo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama wewe na mwenzako mchukue mkopo mdogo ili biashara yenu ya chakula ikue, au mwendelee kudunduliza akiba mpaka itoshe. Kopeni, ikiwa kila siku kuna wateja wanaondoka mikono mitupu kwa sababu chakula kimeisha. Kama wateja wenyewe bado mnawatafuta, subirini. Mkopo hauleti mteja.

Tazameni kwanza biashara inakwama wapi. Unga na mafuta mnanunua kwa rejareja kwa kuwa hela ya kununulia kwa jumla haijawahi kukusanyika. Tofauti hiyo ya bei inawatoka kila siku na hamuioni. Siku mkiishiwa kabisa mnachukua kwa mali kauli, na mwenye duka anajilipa kusubiri kwake humohumo kwenye bei. Mwaka 1976, Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi, alikuta hali kama hiyo katika kijiji cha Jobra, Bangladesh. Watengenezaji wa vigoda vya mianzi walikopa hela ya mianzi kwa wafanyabiashara, kisha wakalazimika kuwauzia haohao kwa bei ya chini waliyopangiwa. Watu 42 walihitaji dola 27 tu kwa jumla ili wajinasue, naye akazitoa mfukoni mwake. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, benki ya kukopesha maskini hela kidogo kidogo, mwaka 1983.

Baadaye sifa za mikopo midogo ya namna hiyo zikawa nyingi kuliko kazi yake. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo, zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Biashara kadhaa zilipanuka, lakini kwa wastani hali ya kaya haikubadilika sana. Huko Hyderabad, India, watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye waliona jambo linalokuhusu: waliokuwa na biashara kabla mikopo haijafika walikuwa wamepiga hatua, na walioanzisha biashara baada ya mikopo kuja hawakupata la maana. Nyinyi mnauza tayari, ndiyo maana sikukatazi.

Sasa mkope kwa ajili ya nini? Hela ya chakula ina sifa moja nzuri, inarudi mapema: kinachopikwa asubuhi jioni kimeshalipwa. Ubaya wake, kisipouzwa kinaoza na deni linabaki palepale. Kwa hiyo msikopee vitu vya kuharibika. Kopeeni akiba ya vitu vikavu, au chombo kinachozuia hasara. Mfano friji: pigeni hesabu ya mnachomwaga kwa wiki, muilinganishe na rejesho la wiki pamoja na umeme. Mnachomwaga kikizidi, friji inajilipa yenyewe. Kisipozidi, hiyo ni fenicha.

Riba ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo hapa soma polepole. Tuseme unakopa 1,200 kwa miezi 12, riba asilimia 20 kwa mwaka. Wakiikokotoa juu ya mkopo wote, utalipa riba 240. Wakiikokotoa juu ya salio linalobaki kila mwezi, itakuwa kama 134. Asilimia ni ileile, ila huyo wa kwanza anakutoza hata kwa hela uliyokwisha kumrudishia. Ongeza ada ya fomu na bima, ambazo mara nyingi hukatwa kabla hujaugusa mkopo wenyewe. Muulize mkopeshaji swali moja tu: nitapokea kiasi gani mkononi, na mpaka mwisho nitakuwa nimelipa kiasi gani? Akizungukazunguka, ondoka.

Uliza pia rejesho la kwanza ni lini. Katika utafiti uliofanyika Kolkata na kuchapishwa mwaka 2013, wakopaji waliopewa miezi miwili kabla ya kuanza kulipa waliwekeza zaidi na baadaye walipata faida kubwa kuliko walioanza kulipa baada ya wiki mbili. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo sababu wakopeshaji wengi hawapendi kungoja. Wewe omba tu. Wakikataa, chukueni kiasi kidogo zaidi.

Lililobaki ni la nyumbani, na najua mwenzako halitampendeza. Familia hula mtaji bila kujua. Mtoto anachukua sahani, shemeji anapita na kusema ataleta hela kesho, na hakuna anayeandika. Jipangieni posho, hata iwe ndogo, na mnachokula kiandikwe kama mmekinunua. Hela ya rejesho itengwe kila jioni, isisubiri siku ya kulipa.

Usisaini chochote wiki hii. Nitumie picha ya mkataba, kurasa zote, pamoja na daftari la mauzo la mwezi uliopita. Kama daftari hamna, anzeni kesho, na mkopo tutauzungumza mwisho wa mwezi.

Mama yako