Maswali na majibu: Gofu ya diski katika kijisitu cha mjini

Gofu ya diski haina mambo mengi: unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Finland ina mamia ya viwanja, vingi havina kiingilio. Maswali ya safari hii yanahusu vile vidogo vya mijini, mashimo 9 (shimo ni sehemu ya uwanja kutoka pa kurushia mpaka kikapuni) yaliyobanwa kati ya misonobari na njia za watembea kwa miguu.

Nimenunua diski ya masafa marefu, kasi 12. Kila nikiirusha inakata kushoto na kugonga miti. Kosa ni la mkono au la diski?

La diski kwanza. Soma namba nne zilizoandikwa juu yake: kasi, kuelea, kugeuka ikiwa bado na mwendo, na kukata mwishoni. Diski iitwayo Destroyer, kwa mfano, ni 12/5/-1/3. Diski ya namna hiyo isiporushwa kwa nguvu nyingi haifiki mwendo iliyotengenezewa, kwa hiyo inaanza kukata mapema: kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia kwa mtindo wa bakihendi, yaani mkono ukianzia kifuani. Kwenye shimo la mita 60 huihitaji hata kidogo. Chukua puta, yaani diski ya polepole ya kulengea kikapu, kama Aviar (2/3/0/1), ambayo huenda karibu moja kwa moja, na diski nyepesi ya kasi 6 kama Leopard (6/5/-2/1) kwa mashimo yanayopinda. Mbili hizo zinatosha msimu mzima, hata kama muuzaji atakuambia vingine.

Ukibadilisha diski na bado inakata, angalia pua, yaani ukingo wa mbele. Ikielekea juu, diski hupanda, huishiwa mwendo, kisha huanguka kushoto. Teremsha kiganja kidogo, kama unayemimina chai kutoka kwenye birika.

Upenyo kati ya miti miwili ni mita 2 tu. Nautazamaje?

Usitazame miti, jicho litaipeleka diski huko huko. Chagua kitu kimoja nyuma ya upenyo, labda doa kwenye gome, ulenge hicho. Hesabu nayo inasaidia: ukikosea nyuzi 3, diski inahama kama mita 1 ikifika mita 20, na mita 3 ikifika mita 60. Kwa hiyo upenyo wa mita 2 ulio mita 5 mbele yako ni mpana. Ulio mita 20 mbele ndio mtihani.

Acha hatua za kukimbia. Simama, zungusha kiuno, rusha kwa nguvu ya asilimia 60 au 70, diski ikipita kimo cha kifua, chini ya matawi. Kama ni lazima ugonge mti, bora uwe wa mbali. Ukigonga mita 45 mbele kwenye shimo la mita 60, umebakiza mita 15. Ukigonga wa mita 8, diski inaweza kurudi hata nyuma yako.

Diski imenasa juu ya mti. Ninaadhibiwa?

Kwa kawaida hapana. Unacheza kutoka ardhini, chini yake kabisa. Mashindano yakitangaza kanuni ya mita 2, diski iliyonasa juu zaidi ya hapo inakuongezea mtupo mmoja. Usiirushie diski nyingine, zitanasa zote mbili. Na usipande mti.

Naruhusiwa kuvuta tawi linalonizuia?

Tawi linaloota, hapana: usilishike wala kulivunja. Tafuta namna ya kusimama inayolisukuma kidogo kuliko zote. Mkono ukiligusa wakati wa kurusha si kosa. Kupiga goti kunaruhusiwa. Majani makavu na vijiti vilivyolala pale unapokanyaga unaweza kuviondoa.

Niko mita 6 kutoka kikapuni, mti uko katikati.

Weka mguu mmoja nyuma ya alama ya pale diski yako iliposimama, ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa 30, kisha tanua mguu wa pili kando mpaka uone minyororo. Mguu huo usisogee karibu na kikapu kuliko alama. Ndani ya mita 10 ni lazima uonyeshe umetulia kabla ya kusonga mbele; ukipepesuka na kuvuka alama, ni kosa. Lenga kulia kidogo kwa nguzo, maana puta humalizia kushoto. Usiipige kwa hasira, itapenya minyororo.

Njia ya baiskeli inapita mbele ya kikapu cha nne.

Mpita njia ana haki kwanza, daima. Njia isipoonekana, mwenzio asimame kwenye kona na kuinua mkono ikiwa tupu. Kama uko peke yako, nenda ukaangalie.

Diski za rangi gani hazipotei?

Waridi na samawati iliyokolea kiasi. Kijani na kahawia ziache dukani, na njano pia majani yakianza kupukutika. Andika namba ya simu upande wa chini. Sheria inakupa dakika 3 za kutafuta. Zikiisha, ni adhabu ya mtupo mmoja na unarudi ulikorushia. Ukipekua vichaka kiangazi, vaa soksi ndefu na ujikague kupe jioni hiyo hiyo. Wakati wa theluji, bandika utepe mwepesi wa rangi katikati ya upande wa chini: diski ikizama, mkia wake hubaki juu.