Maswali ya wasomaji: Maji yanatoka, wewe ndiyo kwanza unaingia

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaoogelea baharini asubuhi na mapema. Zilizofanana tumeziunganisha.

Shikamooni wahariri. Kila Jumamosi saa 12:15 asubuhi naingia majini Bamburi, naogelea sambamba na ufuo kama mita 500 kisha narudi. Juma lililopita nilimaliza kwa dakika 25 bila taabu. Jumamosi hii, saa ile ile, nilipiga mikono mpaka nikalegea, na bado maji yalikuwa yananivuta upande wa mwambani. Upepo haukuwepo. Kasoro ni nini?
*Msomaji, Mombasa*

Marahaba. Kasoro ni hiyo "saa ile ile". Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ndani ya juma moja unahama kutoka maji mafu (yasiyopanda wala kushuka sana) hadi bamvua (yanayojaa na kupwa kupita kawaida) bila wewe kubadilisha chochote. Ukishika Jumamosi tu, moja itakuwa nzuri na inayofuata itakutesa.

Pwani yetu ina tabia yake. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri, kati ya saa 10 na saa 11, na kupwa saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Ndiyo maana siku hizo utawaona wachokoa pweza wakiteremka mwambani wakati jua limeshapanda. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kupwa ni alfajiri, kujaa ni saa 4 au 5 asubuhi, na tofauti ya kina ni kama mita 1 tu.

Chukua mfano wa bamvua kubwa. Maji yamejaa saa 10:15 alfajiri, mita 3.7. Yatakupwa saa 4:25 asubuhi, mita 0.1. Hapo mita 3.6 za maji zinatakiwa ziondoke kwa saa sita hivi, na haziondoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupungua karibu mita 0.3, ya pili 0.6, ya tatu na ya nne 0.9 kila moja, kisha 0.6, mwisho 0.3. Saa ya tatu inaanza saa 12:15. Yaani umeingia dakika ile ile maji yanapoanza kukimbia, na kwa kuwa kati ya ufuo na mwamba hayana njia nyingi za kutokea, yanafuata ufuo mpaka kwenye mlango, yaani pengo la mwamba, na kutokea hapo.

Sasa tazama hesabu ya nguvu zako. Kilomita 1 kwa dakika 25 ni mita 40 kwa dakika. Mkondo wa noti 1 (maili moja ya baharini kwa saa), ambao kwa macho hauonekani, unakwenda mita 31 kwa dakika. Ukipingana nao unabaki na mita 9, na mita 100 zitakuchukua dakika 11. Kwa hiyo si kwamba mwili ulikuwa mchovu siku hiyo.

Dawa ni kusoma jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kabla ya kutega kengele. Angalia kwanza limeandikwa kwa majira gani, maana mengine ni ya GMT na yanahitaji kuongezwa saa 3. Kisha kumbuka kwamba 04:15 ya jedwali ni saa 10:15 ya kwetu. Usipokuwa na jedwali, hesabu siku za mwezi mwandamo kama wavuvi: mwezi 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua, mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Safari ndefu ziweke kwenye maji mafu. Kwenye bamvua, ogelea jioni ukizunguka saa ya kujaa, au kama lazima iwe asubuhi, baki kwenye kina cha kifua na mbali na mlango. Anza pia kwa kupingana na mkondo, ili wakati wa kurudi, umechoka, ukubebe.

Ukishanaswa na mkondo unaotoka mlangoni, usishindane nao. Kata kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka uhisi mvuto umelegea ndipo uelekee nchi kavu. Ukitolewa nje ya mlango, usijaribu kurudi kwa kupanda mwamba penye mawimbi yanayovunjika. Baki nje, shika boya unalolivuta kwa kamba, nyanyua mkono mmoja usubiri chombo. Na hili linataka mtu aliyebaki ufuoni, anayejua umeingia saa ngapi, na mwenye simu ya kupiga 112.

Kwenye bwawa la mita 25 namaliza kilomita 1 bila kusimama. Baharini, mita 50 tu pumzi zimekata na moyo unadunda. Halafu nikinyanyua kichwa najikuta nimekwenda kombo. Nikazane na mazoezi ya mapafu?
*Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam*

Hapana, mapafu yako mazima. Mtu akiona chini hapaonekani na ukuta wa kushika haupo, huanza kwa kasi na kuzuia pumzi. Hewa chafu isipotoka yote, mpya haina pa kuingia, na mwili unahisi kukosa hewa ilhali kifua kimejaa. Kwa hiyo shida iko kwenye kutoa pumzi.

Ingia mpaka kiunoni, lowesha uso na shingo, kisha zama utoe mapovu polepole mara 10. Mita 100 za kwanza ziende taratibu mno, kiasi cha kuona aibu. Hofu ikija, lala chali, masikio ndani ya maji, hesabu pumzi mpaka zitulie. Kwa wiki za mwanzo ogelea kwenye kina cha kifua, na chukulia kwamba umbali wako wa baharini ni nusu ya ule wa bwawani.

Kwenda kombo ni kawaida, kwani bwawani ulikuwa unafuata mstari uliochorwa chini. Hapa utazame mwenyewe kila baada ya mikono 6 hadi 8. Toa macho tu juu ya maji kama mamba, pua ibaki chini, kisha geuza uso pembeni ndipo uvute hewa. Wengi hunyanyua kichwa kizima, miguu inazama, na kila kutazama kunakuwa kama kufunga breki. Usilenge boti iliyotia nanga, maana huzunguka. Lenga mnara wa simu au jengo refu. Vizuri zaidi ni vitu viwili vilivyopangana, kwa mfano mnazi wa mbele na paa la nyuma yake. Vikiachana, jua mkondo unakusogeza.

Fukwe zetu nyingi zinatazama mashariki, hivyo jua linakuchoma usoni ukielekea nje. Miwani yenye vioo vyeusi inafaa hapo, ila si kabla ya kupambazuka. Wala usiingie kabla hujaweza kumwona mtu aliye umbali wa mita 100: usipomwona wewe, nahodha wa boti ya faiba hakuoni pia. Ukielekea kaskazini ufuo uko kushoto, ukirudi uko kulia, basi jifunze kuvuta pumzi pande zote mbili. Anayevuta upande mmoja tu, nusu ya safari anatazama bahari tupu.

Assalamu aleikum. Sisi kina mama wanne wa Jambiani tumejifunza kuogelea na tunatoka baada ya sala ya alfajiri. Tunavaa madera na suruali ndefu ndani. Je, inafaa? Na hilo boya la kuvuta ni la lazima?
*Msomaji, Unguja*

Waaleikumu salaam, dada. Kujisitiri hakuna tatizo, tatizo ni kitambaa. Dera la pamba hunywa maji, hupanda hadi kifuani ukilala chali na kujiviringisha miguuni ukipiga teke. Kanga ni hivyo hivyo. Vazi la kuogelea la nailoni yenye laikra, la mikono mirefu, ndilo linalofaa. Shati lifike mapajani na liwe na kamba ya ndani ya kulifunga na suruali, lisipande. Kichwani vaa hijabu ya laikra inayobana, bila pini, na juu yake kofia ya mpira ya rangi kali. Fundi wa mtaani anaweza kushona kama atapata kitambaa chenyewe na kutumia uzi wa polista, kwa sababu wa pamba huoza kwa chumvi. Kabla ya kwenda mbali, simameni kwenye kina cha kiuno, laleni chali dakika 5. Kama nguo inajaa hewa au inavuta shingo, irekebishwe.

Boya sisi tunalihesabu kuwa la lazima, la rangi ya chungwa au waridi. Kamba yake ifungwe kiunoni na liwe linafuata nyuma ya miguu, lisiguse. Linaonekana na linabeba simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Lakini halimfai asiyejua kuogelea, maana si jaketi la kuokolea.

Kwenu kuna jambo ambalo fukwe nyingi hazina: mashamba ya mwani. Maji yakijaa, vijiti na kamba vinazama na havionekani, na mkono au mkanda wa boya hunasa kwa urahisi. Nendeni kwanza maji yakiwa yamepwa, mwone safu zinaishia wapi, mchague njia ya pembeni. Mkinasa, simamisheni miguu na mfungue kwa mikono. Kuvuta kwa nguvu kunakata kamba, na ile ni riziki ya jirani.

Tukitoka majini tunawashwa chini ya nguo za kuogelea, wala konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayechoma, hatumwoni. Na baada ya mvua kubwa tusubiri siku ngapi?
*Wasomaji watatu, Dar es Salaam*

Muwasho wa chini ya nguo, sehemu za wazi zikiwa salama, kwa kawaida ni wa viluwiluwi vya konyeza vilivyonaswa kwenye kitambaa. Kosa kubwa ni kuoga maji baridi ya bomba na nguo ikiwa bado mwilini, kwani maji yasiyo na chumvi huvichochea vichome zaidi. Vueni kwanza, ndipo muoge. Nguo ifuliwe kwa maji ya moto na ianikwe juani.

Konyeza akikuchoma waziwazi, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kibano, kisha tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 20. Usisugue kwa mchanga, na mkojo hausaidii. Pumzi zikibana au uso ukivimba, hospitali mara moja.

Mvua kubwa ikinyesha subirini siku 2 hadi 3, na karibu na mdomo wa mto Msimbazi pale daraja la Salenda, sisi tusingeogelea hata siku hizo zikipita. Maji yakiwa ya rangi ya chai, rudini nyumbani.

Misuli ya kigimbi cha mguu hunikaza nikiwa mbali. Nifanyeje?
*Msomaji, Tanga*

Geuka chali, shika boya, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye goti kwa mkono, shikilia nusu dakika, rudia. Kisha rudi kwa mikono tu, mguu uache uelee, kwa kuwa ukianza kupiga teke mapema utakaza tena. Mara nyingi chanzo ni kunyoosha vidole vya mguu kwa nguvu mfululizo au kuongeza umbali ghafla. Maji yetu ni ya nyuzi 25 hadi 30, unatoka jasho humo ndani bila kujua. Basi kunywa nusu lita ya maji kabla ya kuingia, na kama umeshaamka mapema, ndizi moja.