Muulize Fundi: Nikiwasha ya kushoto, zinawaka zote nne

Mwezi huu barua zimekuja kama zimeambizana. Bajaji hakuna, pikipiki kubwa hakuna, ni skuta tupu: indiketa na makava. Nimezisoma nimekalia tairi hapa kibandani kwangu, Ngamiani, Tanga, na mbele yangu kuna skuta ya mteja imevuliwa nguo zote, skrubu zake ziko ndani ya kikombe cha chai. Nimechagua nne.

*

Shikamoo Mzee Fundi. Nina skuta ya Kichina ya cc 125. Nilichoshwa na indiketa zake pana kama masikio ya tembo, nikanunua nne nyembamba za LED. Nilipozifunga zikawa zinapepesa mbio mbio. Fundi wa mtaani akaniwekea flasha ya LED, kile kidude kinachozipepesesha indiketa. Mbio zimeisha, lakini sasa nikiwasha ya kushoto zinawaka zote nne. Ya kulia, vilevile. Kijiweni wameshanibatiza "Hazadi", kama taa za tahadhari za gari. Nifanyeje?
*Kijana wa Korogwe*

Marahaba, kijana. Fundi wako hakukosea. Alipanda gari sahihi, akashuka katikati ya safari.

Tuanze na zile mbio. Balbu za kiwandani kwenye skuta kama yako kwa kawaida ni za wati 10. Upande mmoja una mbili, kwa hiyo wati 20, na kwa betri ya volti 12 hapo zinapita kama ampea 1.7. Flasha ya zamani imezoea mzigo huo. Ukiweka LED mbili za wati moja na nusu, mzigo unashuka hadi robo ampea, na flasha inadhani balbu imeungua, inapepesa haraka ili ikushtue. Flasha ya LED haiangalii mzigo, inajihesabia muda yenyewe. Mwendo unaotakiwa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Shika saa uhesabu.

Sasa zile nne. Angalia dashibodi yako. Naweka dau la chapati mbili kwamba ina taa moja tu ya indiketa, mshale wenye ncha huku na huku, si mishale miwili iliyoachana. Kibalbu cha ndani ya mshale huo hakikupewa waya wa hasi. Mguu wake mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto, wa pili kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unaingia mguu wa kushoto, unapita kwenye kibalbu, unatokea upande wa kulia na kuitafuta hasi kupitia balbu za kulia. Enzi za balbu za wati 10 hukuona kitu, maana kiumeme kinachopenya kwenye kibalbu kile hakitoshi hata kuupasha moto uzi wa balbu kubwa. LED si hivyo. LED ikionjeshwa tu, imewaka.

Dawa yake ni dayodi mbili, zile zilizoandikwa 1N4007. Nenda kwa fundi redio, kila fundi redio anazo kwenye kopo. Dayodi inaruhusu umeme upite upande mmoja tu, na upande wa kutokea una mstari wa kijivu. Vua kava la usukani, tafuta nyaya mbili za kibalbu kile. Skuta nyingi za Kichina zimefuata rangi za Honda: waya wa chungwa ni kushoto, wa bluu mpauko ni kulia, wa kijani ni hasi. Nimesema nyingi, kwa hiyo hakikisha kwa testa kabla hujaamini macho. Waya wa chungwa uulehemu kwenye dayodi ya kwanza, wa bluu kwenye dayodi ya pili, mistari yote miwili ikitazama kibalbu. Miisho yenye mistari iunge pamoja, iingie mguu mmoja wa kibalbu. Mguu uliobaki upeleke hasi, kwenye waya wa kijani. Basi. Kushoto kukiwaka, umeme unafika kwenye mshale na kushukia hasi, hauna njia ya kuvukia kulia.

Funika kila kiungo na mrija wa plastiki unaojibana kwa joto. Tepu nyeusi peke yake, kwa joto la huku kwetu, baada ya miezi michache inakuwa gundi ya kunasia nzi.

Na kabla hujaniandikia tena: kuna watu watakwambia urudishe flasha ya zamani, uongeze rizista, kidude cha kula umeme, ili kuidanganya. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ngoja nikusimulie. Nilifunga rizista mbili kwenye skuta yangu mwenyewe, zile za mwili wa dhahabu za omu 6.8, nikazibana kwa kamba ya plastiki ndani ya kava la mbele. Jioni moja nimesimama Chumbageni napiga soga na jamaa, indiketa ya kushoto nimeisahau inapepesa. Mazungumzo yalikuwa matamu. Tukaanza kusikia harufu, jamaa akasema kuna mtu anachoma mifuko. Si mifuko. Kava langu lilikuwa limetoa jipu, limevimba nje saizi ya embe bichi dogo, na rangi yake imekunjana kama maziwa yaliyogandia juu ya chai.

Nilipofika kibandani nilikaa nikapiga hesabu niliyotakiwa kuipiga asubuhi yake. Volti 12 kwenye omu 6.8 ni wati 21. Injini ikizunguka, volti zinapanda hadi 14, na wati zinakaribia 29. Rizista hiyo ilikusudiwa kuziba pengo la balbu ya wati 21. Mimi balbu nilizotoa zilikuwa za wati 10. Na ile kitu inatakiwa ifungwe kwenye chuma, ipate pa kutupia joto. Jipu lile bado lipo, sikulitengeneza. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi hapa namwonyesha.

*

Chei chei babu, shikamoo. Nna Vespa PX ya marehemu mjomba. Indiketa ya nyuma kulia mara iwake mara isiwake, nikilipiga kofi kava la ubavuni inakubali. Ilianza tangu nlipoipaka rangi mpya. Nataka nitie LED zote nimalize tabu. Skuta yenyewe haina betri.
*Kijukuu, Unguja*

Marahaba mjukuu wangu, na Mungu amrehemu mjomba. LED ziache kwanza dukani.

PX ilianza kutoka mwaka 1977, na indiketa zake za nyuma zimekaa ndani ya makava ya ubavuni. Kava linavuliwa, kwa hiyo hakuna waya unaoliunganisha na mwili. Kuna kibati cha springi kwenye fremu kinachogusana na kibati cha taa. Hapo ndipo chanya inapopita. Hasi inapita kwa bati lenyewe la kava kugusana na bati la fremu. Wewe ulipopaka rangi, nina hakika ulipuliza hadi ndani kwenye kingo, kwa nia njema kabisa. Umeziba hasi. Kofi linapolia, bati linagusana na bati kidogo, taa inawaka.

Vua kava. Kwangua rangi, eneo la ukubwa wa ukucha tu, pale kava linapokaa kwenye fremu na pale linapobanwa. Vile vibati vya springi, kwa chumvi ya bahari ya huko, vitakuwa na kutu ya kijani. Vipitishe msasa namba 400 mpaka viwe vyekundu kama shaba mpya, vivute kidogo nje kwa koleo vipate kusukuma, kisha paka vaselini nyembamba. Na pale ulipokwangua paka pia, kutu isije ikaanzia hapo.

Kuhusu LED: Vespa isiyo na betri inaendesha taa kwa umeme wa AC, ule unaogeukageuka chanya na hasi. LED ya betri ukiichomeka hapo itatetemeka, na siku moja itakufa. Inabidi uweke daraja la dayodi kuunyoosha umeme, na kapasita ya kuutuliza, na flasha nyingine. Yote hayo kwa indiketa inayolia hasi tu? Balbu za mjomba ziache.

*

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu, naenda kazini na skuta. Kava la pembeni lilipasuka, fundi bodi akabandika faiba na puti, akapaka rangi, likapendeza. Wiki tatu tu, kipande chote kimebanduka kama ganda la yai. Amerudia, kimebanduka tena. Pia nina wazo: nataka kukata mkia wa nyuma, madigadi iwe fupi, na indiketa zizikwe ndani ya bodi zisionekane mpaka ziwake. Unasemaje?
*Mwalimu wa Moshi*

Marahaba, mwalimu. Maswali mawili hayo, la kwanza nalipenda, la pili tutagombana kidogo.

Vua kava, ligeuze, tafuta kwa ndani herufi ndogo zilizobanwa kati ya vimshale viwili. Mara nyingi zitakuwa ABS au PP, aina mbili za plastiki. Hizo ndizo zinazoamua kila kitu, na mafundi wengi hawazisomi. Kama herufi zimefutika, kwangua unyoya wa plastiki kwa kisu upande wa ndani usio na rangi, uutumbukize kwenye glasi ya maji. PP inaelea. ABS inazama. Usiuache juu ya uso wa maji ukadhani unaelea; usukume chini kwa kidole kwanza, kisha uuangalie unakwenda wapi.

Kwa habari ulizonipa, kava lako linaelekea kuwa PP. Plastiki hiyo haishikani na kitu: faiba, puti, rangi, vyote vinailalia tu kama mgeni kwenye mkeka, asubuhi vimeondoka. Ufa wa PP unachomelewa kwa joto, na kijiti cha kujazia lazima kiwe PP pia. Kata kipande kutoka kava lingine bovu lenye herufi zilezile. Kabla ya rangi, pitisha msasa kisha puliza praima maalumu ya plastiki, ile ya maji maji isiyo na rangi. Duka la rangi za magari wanayo. Bila hiyo hata rangi ya bei mbaya itabanduka.

Ingekuwa ABS ungekuwa na bahati zaidi. ABS inayeyuka kwenye asitoni. Unakatakata vipande vya kava bovu ndani ya chupa ya kioo, unamwagia asitoni mpaka vifunikwe, unafunga, unalala. Asubuhi una uji mzito. Toboa kitundu cha milimita 3 pale ufa unapoishia ili usiendelee kutembea, chonga mfereji upande wa ndani kufuata ufa, jaza uji, laza juu yake wavu mwembamba wa waya, jaza tena. Subiri siku mbili, si saa mbili. Asitoni inunue duka la rangi, maana ya kufutia kucha mara nyingi ina mafuta. Na fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko. Mvuke wake unashika moto kwa mbali.

Rangi nitapita haraka: msasa 180, kisha 320, praima, msasa 600 wa maji, rangi nyembamba mara tatu, kisha vanishi. Usipulize siku ya mvua. Unyevu unaacha ukungu mweupe ndani ya rangi, na hauondoki kwa kufuta.

Sasa mkia. Madigadi ya nyuma ndiyo inayozuia tope lisikupande mgongoni, na wewe unasimama mbele ya darasa saa moja na nusu asubuhi. Masika ya Moshi unayajua kuliko mimi. Ukitaka kukata, kata sentimita chache, uache inapita nyuma ya tairi, na namba ibaki na mahali pa kusimama wima.

Indiketa za kuzikwa nimezifanya kwa wateja watatu, na wawili walirudi wakitaka zitolewe. Taa ikikaa ndani ya shimo inaonekana na aliye nyuma yako moja kwa moja tu. Mwenye kukuingilia kutoka pembeni, mwenye daladala aliye juu, hao hawaoni kitu. Ukiweka na plastiki nyeusi juu, mchana wa saa saba hata aliye nyuma haoni. Kisha zikikaribiana sana na taa ya breki, mwanga wa breki unazimeza. Kanuni za Ulaya zinataka indiketa za pikipiki ziachane si chini ya milimita 240 mbele na 180 nyuma, na mimi napima kwa hizo hapa kibandani. Kama lazima uzike, zika kwenye kona ya bodi, robo ya lenzi itokeze nje ubavuni, rangi yake chungwa. Hapo tunapatana.

Kava la zamani na mkia ulioukata usitupe. Funga kwenye gunia, weka juu ya kabati. Atakayenunua skuta yako atakuuliza.

*

Mzee habari ya kazi. Skuta yangu ilikuwa nyekundu, nimeipaka kijani na nyeupe. Trafiki kanisimamisha, anasema kadi na skuta haviendani. Ni kweli ni kosa au alikuwa na njaa?
*Wa Muheza*

Nzuri. Kuhusu njaa yake sijui, lakini kadi yako soma: rangi imeandikwa humo, pamoja na namba ya chesisi na ya injini. Imeandikwa nyekundu, na yeye mbele yake anaona kijani. Peleka kadi TRA wakubadilishie rangi. Na ukienda, nenda na skuta imeoshwa, maana nyeupe ya skuta kwa vumbi la Muheza ninavyolijua, watakuandikia kahawia.